Umevuta?

Kwa Nyaboke, wa ghorofa ya tatu

Ulinishika kiwiko kwenye ngazi, mimba ya miezi minne,
ukaiona pampu ya buluu ikichungulia mfukoni,
ukashusha sauti kama mtu anayetaja deni la mwenzake:
"Hiyo, mama, itamkausha mtoto."
Nami nikaiweka juu ya kabati,
nyuma ya mkebe wa majani ya chai,
nikajiita mama mwema.

Pumu haikuwa na haraka.
Ilinijua tangu darasa la tatu, njia iliikumbuka.
Ikapanda na vumbi la kinu pale Kariobangi
ninapowapimia watu unga, kilo mbili, kilo mbili, nusu ya wimbi;
ikapanda na jiko la makaa la jirani wa kushoto,
na baridi ya Julai, na ule moshi wa jaa la Dandora
usio na mwenyewe, unaoingia bila hodi
na kukaa hadi asubuhi.

Nilihesabu vidato: sitini na nane hadi mlangoni.
Mwezi wa tano nilisimama mara moja.
Wa sita, mara tatu.
Wa saba nilikaa kitako kwenye kidato cha arobaini,
mtungi wa maji miguuni,
nikamwambia kijana aliyepita kwamba nangoja simu.

Pumzi, pumua, pumzika, pumu:
ukoo mmoja,
na mmoja wao mwizi.

Usiku ule Otuoma alikuwa lindoni, Barabara ya Lunga Lunga.
Kifua kilipiga mluzi, kisha mluzi ukakoma,
na kukoma kwake ndiko kulikonitisha.
Mtoto, aliyezoea kunipiga teke nikilala ubavu,
akanyamaza.
Sikuweza kuita. Neno lahitaji hewa.
Nikagonga sakafu kwa mwiko wa ugali,
ngo, ngo,
nawe huko chini ukaelewa.

Ukausukuma mlango kwa bega.
Ukanibeba, na mguu wako huo mbaya,
leso begani, ndara moja,
vidato sitini na nane gizani,
ukimtukana kila mwenye nyumba asiyeweka taa kwenye ngazi.

Wodini barakoa ya oksijeni ilinuka plastiki mpya.
Nesi Chepkirui alipima, akaandika, akapima tena.
Hakunigombeza. Alivuta kiti.
"Yeye huko ndani hana pua. Pua yake ni wewe.
Ukikosa, anakosa. Anakuwa mdogo, anakuja kabla ya siku zake,
na wewe presha inakupanda.
Dawa hii haimkaushi. Kinachomkausha ni kuikosa."
Kisha akatembeza kile chombo tumboni
na mapigo yakasikika, mbio mbio,
cherehani ya fundi mwenye oda ya sare za shule.

Ulikuwa mlangoni, bado ndara moja.
Ulisikia yote. Hukusema kitu hadi alfajiri,
uliponisimulia mwaka ule, na vidonge
ulivyouziwa dukani bila maswali,
na jina ambalo halikuandikwa popote.
Kumbe hukunipa ushauri, Nyaboke.
Ulinigawia hofu yako,
kama watu wanavyogawiana chumvi.

Sasa ni wiki ya thelathini na nne.
Pampu ni mbili: ya kahawia asubuhi na jioni, hata nikijihisi mzima,
ya buluu kwa dharura.
Kinuni nimehamia upande wa kupokea pesa,
kitambaa puani; wateja wanacheka, wanalipa.
Leo nimepuliza kipimo: mia tatu na kumi.
Jana mia mbili tisini. Kesho siijui.

Na kila asubuhi unagonga dari yako kwa ufagio,
unapaza sauti dirishani, ploti nzima isikie:
"Umevuta?"
"Nimevuta!"
Mpangaji mpya wa chini, mlokole,
ameanza kutuombea.